Vidole Kumi Juu ya Meza

Tangu kompyuta yake ife, mama anayetuchapia barua hapa Malindi amebaki na kishikwambi. Huchapa kwa kidole kimoja, na kibodi ikichomoza kiooni hufunika nusu ya barua, akasahau alipofika. "Taratibu, baba," humwambia kila mteja. Jana Mzee Dena wa kijiji cha Adu alitaka barua ya kumwomba wakala wa ajira amrudishe bintiye kutoka Uarabuni, na maneno yakamtoka mbio: "Mwambie kwamba mamake binti bado humpakulia chakula kila siku." Mama mchapaji hakumkatiza. Alifumba macho, akaweka mikono juu ya meza tupu, na vidole vyote kumi vikakimbia juu ya mbao, kama kwenye kibodi ya kompyuta yake, mpaka mzee akamaliza. Kisha akakivuta kishikwambi, akanyoosha kidole kimoja. "Haya, baba. Sasa niambie upya, polepole."