Kamba ya Ng'ambo

Mwanangu, mvua ya kwanza ya masika ikipiga mabati namna hii, nakumbuka siku moja ambayo hainiachi ninywe chai yangu mpaka nimeisimulia. Basi nivumilie.

Ilikuwa mwaka ule wa 2008, baada ya uchaguzi kutugawa. Nilikuwa bado binti, nauza mboga Kambi Muru huku Kibera, naishi na mama yangu ambaye miguu ilikuwa imemkataa. Nyumba yetu ilikuwa ukingoni mwa mto, na mto wenyewe ulijaa mifuko, magodoro na mabati yaliyoungua, yaliyotupwa humo baada ya moto. Takataka zilijikaza chini ya kidaraja mpaka maji yakakosa njia. Mvua ilipoanza, yakapanda kuelekea milangoni, kwetu na kwa watu wa ng'ambo sawasawa. Lakini nani angemwita nani? Juzi tu tulikuwa tunarushiana mawe juu ya maji hayo hayo. Mtu wa ng'ambo akikohoa, sisi huku tulinyamaza, tusikilize kama ni ishara.

Asubuhi hiyo akatokea Mzee Makokha. Alikuwa seremala wetu kabla kibanda chake hakijachomwa, akakimbilia Kawangware na nguo alizovaa. Sasa alirudi akisukuma mkokoteni, na juu yake mtumbwi mwembamba wa kukalia mtu mmoja, huo mnaouita kayaki, alioutengeneza kwa mapipa ya plastiki. Watu wakacheka, wakasema hasara imempanda kichwani. Mimi pia nilicheka, ila mdomoni tu, maana maji yalikuwa yameshafika kizingitini kwa mama.

Mzee alikulia Budalang'i, kwenye mafuriko. Kwao, mtu haingii kwenye maji yaliyoziba bila kujifunga kamba mbili, moja kila ukingo. Takataka zikiachia ghafla, mkondo humvuta mtu chini ya daraja, na kamba moja haitoshi kumshikilia. Alijifunga zote mbili kiunoni, na ncha ya kwanza akatukabidhi sisi. Ya pili aliifunga jiwe, akairusha ng'ambo, ikaanguka matopeni mbele ya kundi la vijana. Hakuna aliyeinama.

Hapo nikamtambua mmoja wao, kijana wa shati jekundu. Siku kibanda cha mzee kilipowaka, nilimwona kwa macho yangu mawili akiwa na jerikeni la mafuta ya taa. Damu ikanichemka. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na siku hizo niliiamini methali hiyo kuliko Baba Yetu.

"Mzee, usiingie," nikamnong'oneza. "Huyo wa shati jekundu ndiye..."

"Nafula, shika kamba yako," akanikatiza. "Ya ng'ambo hukupewa wewe."

Akaketi kayakini, akajisukuma. Kamba moja ilikuwa mikononi mwetu, nyingine imelala tu kwenye tope. Mwanangu, nimeona mengi, lakini sijawahi kutetemeshwa kama nilivyotetemeshwa na mzee yule. Alipenya kati ya uchafu taratibu, kafi likiingia huku na kutoka kule, akinasa mfuko baada ya mfuko kwa kulabu na kuturushia ukingoni, kama mtu anayepalilia shamba lake mwenyewe. Sote tuliitazama ile kamba iliyolala.

Kisha akalinasa bati kubwa lililoziba njia. Likalia. Na kabla halijaachia, yule wa shati jekundu akainama, akaokota kamba, akaizungusha kiunoni.

"Buda, vuta tu! Tumekushika huku!"

Bati likang'oka. Maji yakanguruma, kayaki ikapinduka, mzee akazama mpaka kichwa. Kamba zikakaza, ngozi ya viganja vyangu ikachubuka. Ng'ambo, yule kijana aliburutwa kwa magoti kwenye tope, na hakuachia. Wenzake wakamrukia wakamkumbatia kiunoni. Sisi tukavuta, wao wakavuta, mzee akabaki pale katikati, mzima, anatapika maji. Mto ukashuka mbele ya macho yetu. Hakuna aliyepiga makofi. Tulisimama kama watu walioingia kanisani wakakuta Mungu mwenyewe yumo.

Baadaye nikampelekea chai.

"Mzee, ulijua yule ni nani?"

"Nilimjua kabla sijashusha kayaki. Ndiyo maana nikamrushia yeye."

"Na kama angeiacha?"

Akapuliza chai yake. "Ningekufa maji. Lakini msichana wangu, aliyekuchomea ukimnyima kamba ya kushika, atabaki na kiberiti."

Basi neno langu ni hilo. Sikuambii usahau, mimi mwenyewe jerikeni lile sijalisahau. Wala sikuambii umwamini kila mtu, maana moyo wa mtu ni msitu. Ila mto ukiziba, nao utaziba tena, usikae ukingoni ukibashiri nani wa ng'ambo atashika na nani ataacha. Shika yako, hata viganja vichubuke. Ile nyingine warushie wao, na ikianguka matopeni iache hapo hapo, ionekane.

Mungu akupe mikono isiyoachia, mwanangu. Na siku wewe ndiwe uliye majini, akuinamishie mtu ng'ambo.