Kuku wa Oveni wa Mke Wangu

Asubuhi ya mwisho tuliyokuwa wote nyumbani, marehemu mke wangu alipika kuku wa oveni. Daktari alishamkataza vya kukaanga, na vya kuchemsha vilimshinda. Siku nyingi alirudisha sahani vilevile, nami roho juu. Asubuhi hiyo alivifuta vipande vya kuku kwa kitambaa mpaka vikakauka, akavipaka mtindi na kitunguu thomu, akavigaragaza kwenye chenga za mkate wa boflo, akavipanga juu ya waya ili mafuta yachuruzike. Kila akivigeuza, alivigonga kwa ukucha wenye hina na kutega sikio. Sauti ilipokuwa kavu, akavitoa. Alikula paja zima, akalamba vidole. Nikashusha pumzi, ahueni ile ninayo hadi leo. Akaniambia, "Kula na wewe, bwana. Wanitazama mie kama taarifa ya habari."