Mzinga wa Mjukuu Wangu wa Mkono wa Kushoto

Admin, naomba unifiche vizuri, maana huku kwetu upande wa Ishiara hata mbuzi akipiga chafya watu wanajua ni wa nani. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na minane, mkulima wa ndengu na fundi wa kujifundisha. Nasema fundi kwa heshima tu, kwa sababu kila kiti nilichowahi kutengeneza kina mguu mmoja unaotafuta ardhi. Lakini mizinga ya nyuki, hiyo naijua. Gogo la mti wa mukau nikilichimba, nyuki hawajawahi kunilalamikia.

Ninaishi na mke wangu na mjukuu wetu wa kike, miaka kumi na moja. Mama yake anafanya kazi Embu mjini. Mwaka jana alianza kukaa kwa karakana yangu akiniuliza maswali mpaka nikampa tezo, lile shoka dogo la kuchimbia gogo, ili anyamaze. Hakunyamaza. Na anatumia mkono wa kushoto. Siku niliyojaribu kumwonyesha namna ya kutumia wa kulia, nilijikata kidole mwenyewe. Akacheka sana, akaniita guka, yaani babu: "Guka, wacha tu nifanye vile mkono wangu unataka."

Alichimba likizo nzima. Mikato yake yote ililala upande wa pili, kinyume na ya kila fundi hapa kwetu. Tulipomaliza tulichoma chapa kwa chuma cha moto. Ukoo wetu una mistari mitatu, halafu kila mtu anaongeza alama yake. Yeye aliongeza nukta mbili. "Moja yangu, moja yako, guka." Nilisingizia moshi.

Ndugu yangu mdogo, ambaye huja kwangu kunywa chai karibu kila siku, hakufurahi. "Mkubwa, msichana na mzinga wapi na wapi? Na mkono huo! Nyuki watahama kijiji." Tukautundika kwenye mgunga karibu na mto. Nyuki hawakuwa wamesikia hotuba yake. Waliingia ndani ya wiki mbili, na mizinga yake mitatu mipya ikabaki mitupu.

Miezi michache baadaye, mzinga wa mtoto ukatoweka.

Kwetu Mbeere mtu anaweza kukuibia kuku mkasameheana, lakini mzinga wenye chapa haushikwi. Ndugu yangu ndiye alikuja wa kwanza kunipa pole. Tulizunguka naye kichakani siku mbili, akilaani wezi wa ng'ambo ya mto. Mpaka akamnunulia mtoto biskuti.

Jumamosi iliyopita wakwe watarajiwa wa ndugu yangu walikuja kuona boma lake, kwa sababu kijana wake anaoa, nasi tukaalikwa. Alitaka waone asali atakayopeleka kwenye ruracio, siku ya kupeleka mahari. Ndoo ilikuwa imejaa, na kando yake mzinga mtupu umesimamishwa kama kombe la mpira. "Huu nimechonga kwa mikono yangu," akawaambia wazee. Chapa ilikuwa mistari mitatu yetu na msalaba, alama yake.

Mjukuu wangu alisogea, akaingiza mkono ndani, akapapasa. Akaniangalia. "Guka, hii ni mikato yangu. Imelala kushoto. Na hapa nje amekwangua nukta zetu."

Nilitazama mahali pale palipokwanguliwa nikajua, Admin. Hata mimi na macho yangu ya kuazima nilijua. Ndugu yangu akacheka kidogo. "Watoto wa siku hizi! Mkubwa, si umwambie?"

Wakwe walikuwa wameshika vikombe, wananitazama. Bwana harusi alikuwa anaangalia viatu vyake. Na mimi, mwalimu wa mikato, nikasema, "Umekosea, mama. Huo ni wa guka mdogo."

Hakulia. Afadhali angelia. Tulipofika nyumbani alifunga tezo kwa gunia, akaiweka miguuni pangu. "Mpe guka mdogo. Si yeye ndiye fundi."

Tangu hapo ananisalimia kama mgeni wa kanisani. Karakana iko kimya, na mimi niliyekuwa nikiomba anyamaze sasa naongea na misumari. Mke wangu amesema mara moja tu, na inatosha: "Mzinga aliiba ndugu yako. Mtoto umemuumiza wewe."

Nilienda kwa ndugu yangu peke yangu. Hakukana. Alinimiminia chai akasema, "Mkubwa, ningeenda kwa wakwe na asali ya dukani? Nitamtengenezea mwingine." Kisha akaniomba niwe msemaji wa ukoo siku ya ruracio, Jumamosi ijayo. Yaani nisimame nikabidhi ile asali kwa kinywa changu.

Nikisema ukweli mbele ya wakwe, naweza kuvunja ndoa ya kijana ambaye hana kosa. Nikinyamaza, nimemkana mtoto mara ya pili, na safari hii nimevaa koti la msemaji. Nyinyi mliolea wajukuu, na nyinyi mliowahi kukanwa na mtu mzima mkiwa wadogo, nishaurini. Nichekeni kwanza kama mnataka, nimezoea, lakini mniambie: nifanye nini ili aichukue tena ile tezo?