Mali ya Taifa

Klabu kubwa ya Dar es Salaam ilishuka kwenye treni hapa Kintinku, eti imekuja kucheza nasi mechi ya kirafiki. Urafiki gani! Wao walivaa viatu vya njumu na soksi mpaka magotini. Sisi wa kijijini tulicheza peku. Tuliwachinjia mbuzi, wakamla huku wakiuliza wali uko wapi.

Mshambuliaji wetu akawafunga mabao mawili. Baada ya mechi mkubwa wao, kitambi mbele, akatuhutubia: "Ndugu zangu, kijana huyu si wenu tena. Sasa ni mali ya taifa." Nasi, wajinga wa kutupwa, tukapiga makofi. Si benki nazo zilitaifishwa tukashangilia? Wakaondoka naye, wakatuachia mpira mmoja uliopasuka, tuuzibe wenyewe.

Mwaka uliofuata wakaja tena, kwa urafiki uleule. Tulijaa stesheni na karanga za kumpokea mchezaji wetu. Wakashuka mabwana, mmoja mmoja, wamepaka mafuta nywele. Mali ya taifa ilishuka mwisho, peku vilevile, imejitwika gunia la njumu zao.