Mtani azuia mazishi ya Tunu

Leo hapa Mingoyo tumezuia mazishi ya mtu aliye ndani ya runinga!

Mnaifuata ile tamthilia iliyotokana na riwaya tuliyosoma sekondari? Mimi ndiye niliyewaambia watu wa nyumbani kwamba Tunu, yule binti mpole, anakufa. Nimesoma, najua.

Tangu hapo Shangazi Somoe hana raha. Anampenda Tunu kama aliyemzaa mwenyewe.

Mchana huu, kweli, Tunu akavikwa sanda. Shangazi akaangua kilio, sebule nzima ikafuata.

Hapo akainuka Mzee Mkwanda, jirani na mtani wetu, ambaye hakosi msiba. Akasimama mbele ya runinga, akatanua kanzu yake.

"Hazikwi mtu hapa mtani hajapewa chake! Nataka jogoo wangu kwanza!"

"Mzee, hatuoni!" nikalia.

"Tulia, mwanangu. Watani tuko kazini."

Shangazi, machozi yakimtiririka: "Mlafi mkubwa wewe! Hata maiti wa kwenye runinga unawadai?"

Wakashikana kwa maneno. Mara, nyuma ya kanzu, tukasikia sauti ya Tunu: "Naomba maji."

Jamani!

Mzee akasogea. Tunu ameketi, anakunywa! Kilichotokea katikati hakuna aliyekiona.

Vigelegele! Kisha Shangazi akanigeukia: "Na wewe, kitabu chako ulikisomea gizani?"

Mliotazama, niambieni upesi, Tunu amefufukaje? Maana Mzee Mkwanda anadai ni kazi yake, na sasa hivi Shangazi yuko uani anamkamatia jogoo.