Walisema Mtoto Amenona

Nakumbuka siku moja asubuhi, mwanangu, nilipokuwa mwalimu kijana katika shule ya watoto wadogo huku mtaani Panda. Mkuu wetu alikuwa Mama Ngalula, mama wa Kikasai asiyejua kupamba maneno. Alikula pamoja na watoto: maharage, majani ya lengalenga, na ndagala, samaki wadogo wa ziwa Tshangalele. Mtoto, alisema, hufuata mdomo wa mkubwa kabla ya kufuata neno lake. Wakishiba kidogo, wote uwanjani, kuruka kamba na kukimbizana, naye mbele pamoja na unene wake wote.

Asubuhi hiyo mke wa mfanyabiashara mmoja alimleta binti yake, Mujinga, na biskuti mkononi. Nyumbani mtoto alikataa kila kitu ila biskuti na chai ya sukari, na mama akampa. Ndiyo mapenzi aliyoyajua.

“Angalieni vile mutoto yangu ananona!” alituambia.

Wenzake walimwita acheze. Mujinga akabaki ameegemea ukuta. Mama Ngalula akapiga magoti, akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale.

“Mama, hii haiko kunona. Ni maji. Mutoto anakosa chakula. Umupeleke ku hopitali leo.”

“Mutoto wa miye akose chakula? Ndagala na majani njo chakula ya bamasikini! Weye uko na wivu.”

Akamwondoa shuleni. Jioni mimi na Mama Ngalula tulimfuata mama huyo nyumbani kwake. Mtumishi akasema hayupo, nasi tulisikia sauti yake ndani. Mama Ngalula akaniambia tusimwaibishe, hasira zitapoa, atakuja mwenyewe.

Hakuja. Mvua zilipoanza tulimzika Mujinga. Kwenye matanga mama yake akamkamata Mama Ngalula kitenge.

“Weye uliona! Juu ya nini haukupiga kelele?”

Mama Ngalula akaketi chini kando yake, akalia.

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Wazee walisema kweli. Ila anayemchelea mama wa mwana naye hulia, na kilio hicho hakina wa kukufariji.

Basi, mwanangu, usinyamazishe mtoto kwa sukari. Kula naye unachotaka ale. Kimbia naye, hata ukichekwa. Na ukiona mtoto wa jirani anavimba, gonga mlango mpaka wakuchukie, kisha ugonge tena. Chuki ya watu utaizoea.

Mungu akujalie nyumba yenye kelele na watoto wenye magoti machafu, wala asikuonyeshe kaburi fupi.