Tone la Kwanza la Asali

Kwa miaka kumi na minane nimeishi ukuta kwa ukuta na Mama Loveness hapa Boko, na kama ungeniuliza habari zake ningekuambia kwamba anauza asali Buguruni, hapendi kupigwa picha, na ni Mmasai. Hilo la mwisho lilikuwa uongo. Mimi Tupokigwe, mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na miwili, niliyekuwa nikimkamata mtoto anayenakili mtihani kwa kutazama kope zake tu, nilidanganywa na jirani ninayeazimana naye chumvi.

Jina lake la ubatizo ni Vaileth. Alifika Dar akiwa na miaka kumi na tisa, amekaa juu ya lori la asali na nta kutoka Kiteto. Utingo wa lori lile alimpa mimba na ahadi, na kilichobaki ni mimba. Hiyo ndiyo Loveness. Mwanamke akamlea peke yake, akajenga vyumba vitatu, akasomesha mtoto mpaka leo anatoa dawa kwenye duka kubwa la dawa Kinondoni. Wanaume wa mtaa huu walijaribu kumzoea, akawakata kwa jicho moja tu. Nilimpenda kwa hilo.

Mara mbili kwa mwaka kaka yake humtumia madumu ya asali kutoka kwao. Kila anapofungua dumu jipya, Vaileth huchovya kidole, hudondosha tone la kwanza kwenye kizingiti cha mlango, na kunong'ona maneno marefu ambayo sikuwahi kuyaelewa. Nilidhani ni sala. Nikasema moyoni, mtu anayeamka saa kumi na moja kwenda kupigania nafasi Buguruni anahitaji sala ya ziada. Loveness alipokuwa mdogo alikuwa akimwiga. Alikuja kwenye kizingiti changu na kikombe cha maji, anadondosha na kunong'ona vilevile, nami namfukuza na ufagio kwa kunilowesha sakafu.

Mwaka huu Loveness akapata mchumba. Edgar, mwalimu wa fizikia, kijana wa kwaya, Mhaya wa watu. Wiki moja kabla ya posa, mshenga wao, Bwana Polikarpo, alikuja kutueleza taratibu. Nilimkaribisha mimi, maana Vaileth alikuwa kama amemwagiwa maji.

"Watakuja baba yake Edgar, Mzee Audax, na shangazi yake, Mama Genoveva," alisema Polikarpo. "Kwa Mzee Audax msiwe na wasiwasi. Shangazi ndiye mwenye neno. Atauliza kijiji, atauliza baba wa mama, atauliza ukoo. Na lazima upande wenu awepo mzee wa kujibu."

"Na akiridhika tutajuaje?" niliuliza.

"Akiridhika atauliza mwiko wa ukoo wenu, yaani kitu gani nyie hamli. Kwa familia ile hilo ndilo swali la mwisho. Akiliuliza, mmeoza binti. Asipouliza, chai mtakunywa pamoja, lakini ndoa hakuna. Mwaka juzi waliondoka nyumba moja kule Mbezi bila kuuliza, na kaka yake Edgar mpaka leo hajaoa."

Alipoondoka, Vaileth akaniambia, "Dada Tupo, mie sina mzee. Kaka yangu hawezi kuja."

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja: nikiona pengo lazima nilizibe. Ng'ambo ya barabara anaishi Mzee Lembris, mzee wa kanisa, bwana mifugo mstaafu, Mmasai wa Simanjiro. Nilikwenda kwake jioni ile ile. Akakubali kwa furaha, akasema binti wa Kimasai hawezi kuposwa mjini kama yatima. Nilirudi kwa Vaileth nikijiona malaika.

Akashika fremu ya mlango. "Ungeniuliza kwanza, dada."

"Acha aibu," nilimjibu. "Ni ndugu yako yule."

Akaingia ndani. Wiki ile alikonda, nami nikadhani ni wasiwasi wa kawaida wa mama wa bibi harusi.

Jumamosi saa nne asubuhi wakafika, Edgar na mshenga wakiwa nao. Tulifunga turubai uani, viti vya plastiki, soda, sambusa, pilau langu jikoni. Loveness alikuwa chumbani nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa, akisubiri kuitwa. Polikarpo alikuwa na barua ya posa imefungwa kwenye leso nyeupe, akaiweka mezani mbele ya watu wote. Mama Genoveva alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mkoba umening'inia kwenye kiwiko, na hakuutua hata alipokaa. Niliuona mkoba ule, nikajua huyu amekuja tayari kuondoka.

Mzee Lembris akamsalimu Vaileth kwa Kimasai, naye akainamisha kichwa aguswe kama desturi yao, akaitika vizuri kabisa. Mzee akauliza ukoo. Vaileth akataja. Akauliza kitu kingine, kirefu kidogo, nikasikia neno la ng'ombe. Vaileth akajibu kwa maneno mawili, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Mzee akamtazama kidogo, kisha akawageukia wageni akasema kila kitu kiko sawa.

Yangeishia pale. Lakini Mama Genoveva akasema, "Edgar hanywi chai siku hizi bila asali ya mkwewe. Hebu na sie tuionje."

Vaileth akaleta dumu ambalo halijafunguliwa, akaliweka juu ya meza ndogo karibu na mlango. Macho yote kwake. Akafungua kifuniko, na mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya kabla kichwa hakijauzuia. Kidole ndani ya asali, tone kizingitini, na yale maneno yakaanza kutoka. Alifika karibu katikati ndipo akagutuka, akanyamaza.

Mzee Lembris akaweka soda yake chini.

"Hiyo si lugha yetu," alisema polepole. "Naijua hiyo. Nimezungukia mifugo kule Kiteto miaka mingi." Halafu akacheka, si kwa ubaya, ila kama mtu aliyefumbua kitendawili. "Kumbe wewe ni Mndorobo!"

"Mndorobo ndiyo nini?" akauliza Mama Genoveva.

Na mzee wangu, mzee niliyemleta mwenyewe kwa miguu yangu, akaeleza. Watu wa porini, wawindaji na warina asali, hawana ng'ombe. Akasimulia hadithi ya kwao, kwamba zamani Mungu alikuwa akiteremsha ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi, na Mndorobo kwa wivu akaukata ukanda kwa mshale, ndiyo maana mpaka leo hana kitu. Alisimulia vizuri, mzee yule ana kipaji. Mzee Audax akacheka. Polikarpo akacheka. Na mimi nilicheka. Inaniuma kuliandika, lakini nilicheka.

Vaileth alikuwa bado amesimama na kidole chenye asali.

"Shikamoo yako ninayo, mzee," alisema. "Lakini hadithi yenu wenyewe inasema ng'ombe wa kwanza anashuka, huyo mtu alikuwa tayari amesimama pale chini anatazama. Sasa nani alimkuta mwenzake? Na sie hatuitwi hivyo. Hilo jina mlitupa nyie, maana yake fukara asiye na ng'ombe. Sie ni Waakie. Baba yangu hakuwa fukara. Alikuwa na miti ya nyuki arobaini na mmoja, alirithi kwa baba yake, na hakuna aliyegusa hata mmoja bila kumuuliza."

Hakuna aliyecheka tena. 

"Kwa hiyo si Mmasai," alisema Mama Genoveva.

"Si Mmasai."

"Miezi yote hii mwanangu anatuambia anaoa Mmasai. Edgar, ulijua?"

Edgar, amekaa mwisho wa mstari na suti yake mpya, akatikisa kichwa. "Mie niliambiwa hivyo, shangazi."

"Nilipofika Buguruni," alisema Vaileth, "kila aliyeniuliza kabila nilimwambia Mwakie. Wakawa wananiuliza, hiyo ndiyo nini, ni watu wa nchi gani hao? Nikachoka. Siku moja mteja akasema, hii si ni asali ya Wamasai? Nikasema ndiyo. Basi. Sikuulizwa tena."

Mama Genoveva akasimama. "Tunaomba nafasi kidogo."

Wakatoka wote wanne kwenda chini ya mwarobaini wa nje ya geti. Polikarpo alipopita mezani akaichukua ile leso yenye barua, akaitia mfuko wa ndani wa koti.  Nilimgeukia Vaileth nikitaka kuomba msamaha, nikaishia kuzipanga upya soda mezani.

Mzee Lembris akakohoa. "Mama, nimesimulia nilivyosimuliwa."

"Najua, mzee," alisema Vaileth. "Hata shuleni walinisimulia hivyo hivyo."

Dakika ishirini. Barafu ya soda iliyeyuka, inzi wakaishika sambusa. Kisha pazia likafunguka na Loveness akatoka, hajaitwa, na gauni lake la kitenge na hereni za shanga ambazo mama yake alimnunulia kwa Wamasai wa Mwenge.

"Mama, sie ni nani?"

"Nilitaka uolewe kwanza," alisema Vaileth. "Nilisema ukishaolewa nitakuambia. Huko kwetu nilikuwa naonewa kwa ajili ya jina hili. Sikutaka likufuate."

"Shuleni nilichezaga ngoma ya Kimasai, mama! Mbele ya wazazi wote! Na wewe ulikaa unapiga makofi!"

Wageni walikuwa wameshaingia. Hawakukaa, isipokuwa Edgar. Mzee Audax alikuwa ameshashika kofia yake. Shangazi akamgeukia Loveness.

"Binti, na wewe ulikuwa hujui?"

"Sikujua, shangazi."

"Nakuamini. Na mnisikie vizuri, kabila si ugomvi wetu. Hata sie tulipohamia Kinondoni kuna waliotucheka. Lakini kwetu mke huingia na wazee wake. Tunawapokea wote, walio hai na waliokufa, kwa majina. Wewe mama yako amewaficha wako mpaka hata wewe huwajui. Tutampokea nani?" Akaupandisha mkoba kwenye kiwiko. "Tunashukuru kwa chai."

Edgar akasimama nusu, akakaa tena. Nilitamani nimzabe kibao.

Loveness hakulia. Aliliangalia lile dumu, halafu kizingiti pale tone lilipokuwa limeshazungukwa na sisimizi. Akaenda mezani, akachovya kidole, akadondosha tone jingine juu ya lile la mama yake. Akafumba macho na kuanza kunong'ona.

Niliyatambua maneno yale. Nimeyasikia dirishani kwangu miaka kumi na minane. Alianza kwa kusitasita, kisha akaenda moja kwa moja kama mtoto anayesoma jedwali la kuzidisha, akapita pale mama yake alipokatizwa, akaendelea. Vaileth aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Anasema nini huyu?" Mama Genoveva aliuliza.

"Anawaita babu zake," alisema Vaileth. "Wa kwanza ni baba yangu. Kisha baba wa baba yangu, na wa nyuma yake, mpaka wa saba. Kila mmoja kwa jina lake na kilima alichozikwa. Wao wanaonja kwanza, ndipo sie tunakula."

"Umemfundisha lini?"

"Sijamfundisha, mama. Niliogopa kumfundisha."

Loveness akafumbua macho. "Nilidhani ni dua," alisema. "Nilidhani ni dua ya asali isiharibike. Hata kule dukani kwetu nikifungua chupa mpya ya asali huwa naisema." Akageuka. "Mama, hayo ni majina ya watu?"

Vaileth akatikisa kichwa kukubali. 

 Mama Genoveva akamtazama kaka yake. "Saba," alisema. "Audax, wewe unawataja wangapi?"

"Wanne," alisema Mzee Audax. Akafikiri. "Watano, ukinisaidia."

Shangazi akarudi kwenye kiti chake. Akakaa. Akautoa mkoba kwenye kiwiko, akauweka chini sakafuni, akaunyoosha mkanda wake taratibu kana kwamba hakuna anayemsubiri. Polikarpo mkono wake ulishaingia ndani ya koti kuitafuta leso, lakini hakuthubutu kuitoa.

"Haya," alisema Mama Genoveva. "Na mwiko wenu ni nini? Tusije tukampikia mtoto asichokula."

Nilishika meza. Vaileth alikuwa amekaa chini kabisa, pale pale mlangoni, analia kama mtoto. Mimi mwenye jibu la kila jambo mtaani sikuwa nalo. Mzee Lembris, aliyekuja kutujibia, alikuwa anatazama viatu vyake.

Loveness akapiga magoti mbele ya mama yake, kidole bado kina asali, akamshika magoti.

"Mama," alisema, "sie hatuli nini?"